Kipande cha Arobaini na Moja: Maisha ya Silantoi Aminiel Lesian (1991–2026)

Jumanne tarehe 3 Februari 2026, saa nne asubuhi, Yoeli alikuwa bandani akikata mawaridi kule Usa River, kiwikoni amebandika kipande cha arobaini na moja, cha mwisho kutengenezwa na dada yake. Simu ikaita. Alikuwa shemeji yake, Naftali.

"Yoeli, kaa chini kwanza."

Hakukaa.

"Dada yako ametuacha."

Silantoi alizaliwa tarehe 14 Machi 1991 huko Sambasha, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Aminiel Lesian na Mama Namnyaki, akabatizwa mwaka huohuo. Utotoni alipenda kulivuta sikio la bibi yake, ambalo ndewe yake ilikaribia bega.

"Bibi, mbona halikatiki?"

"Halikuvutwa siku moja, mjukuu wangu. Kijiti kidogo, kisha kikubwa, na mafuta ya kondoo kila siku."

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini 1998 hadi 2004, akamaliza kidato cha nne 2008 na cha sita 2011. Akiwa kidato cha pili, mafindofindo yasiyotibiwa vizuri yalimwachia ugonjwa wa valvu za moyo.

Alisomea fizikia, na tangu 2018 alifanya utafiti katika maabara moja hapa Arusha. Alitafuta semikondakta inayovutika. Semikondakta ndizo zinazoendesha simu na redio zetu, lakini ni ngumu, ukizikunja huvunjika kama kioo. Yeye alitaka utando laini wa kubandika kifuani, uvutike pamoja na ngozi, usome mapigo ya moyo kutwa na kumwonya mgonjwa kabla hajaanguka. Vipande vipya alivijaribu kwanza kwenye kiwiko cha mdogo wake, kwa kuwa mkata maua hukunja mkono siku nzima.

"Leo umekata mangapi?"

"Elfu moja na mia mbili."

"Kilipasuka saa ngapi?"

"Baada ya chai, dada."

"Angalau kilikunywa chai."

Alifunga ndoa na Naftali tarehe 21 Desemba 2019, wakaishi Kijenge. Madaktari walimkataza kubeba mimba, nao wakatii.

Novemba mwaka jana moyo ulichoka, akarudi Sambasha kuuguzwa na Mama. Januari alijibandika kipande cha arobaini kifuani. Kilidumu siku kumi na moja, kuliko vyote vilivyokitangulia. Siku ya kumi na mbili Mama alimkuta anatetemeka, akampaka mafuta ya kondoo kifua kizima, kama yeye alivyopakwa na mama yake. Mafuta yakapenya chini ya utando, ukabanduka, na kifaa kikanyamaza. Wiki moja baadaye mapafu yalijaa maji, na hakuna aliyejua mapema. Daktari alisema valvu zilikuwa zimekwisha. Onyo lingempa siku chache tu. Mama bado haamini.

Silantoi mwenyewe aliagiza haya yasomwe mbele ya watu, yasije yakanong'onwa. Mstari wa mwisho katika daftari lake unasema: "Namba 40 haivumilii mafuta ya Mama. Kosa ni la utando, si la Mama."

Vifaa vyake vimeshafungwa kwenye maboksi. Hakuna aliyesema ataiendeleza kazi hiyo. Kipande cha arobaini na moja kilipasuka jioni ya Jumanne ileile, na Yoeli hakuwa na wa kumwambia.

Ameacha mama, mume na mdogo wake mmoja, Yoeli.

Alhamisi akina mama walikwenda kumwosha na kumvika gauni lake la harusi. Mama alikuja na kopo lake la mafuta, lakini alilishika tu mkononi. Naftali alipoitwa ndani kumuaga, alilichukua, akalifungua, akamrudishia.

"Mpake, Mama. Sasa hakuna kitakachoharibika."

Mama akampaka kifuani, pale utando ulipokuwa, taratibu, mpaka mafuta yakaisha. Kisha jeneza likafungwa.

Bwana ampokee na kumpumzisha, mahali ambapo moyo hauchoki.