Sartor wa Kwanza

Ndugu, jamaa na marafiki, mtasamehe kama wasifu huu utasomwa kwa haraka kidogo na kwa sauti ya juu. Familia ilijaribu kuuandika kwa unyonge ikashindwa. Marehemu alikuwa mtu wa bashasha, na waliomjua wanakumbuka kwamba hata misibani alipita nyuma ya watu akikagua mishono ya makoti yao.

Alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 9 Aprili 1948, akiwa mtoto wa nne kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la nafaka. Baba yake alikuwa mpakiaji wa magunia, na mama yake alifulia watu nguo. Kazi ya kushona vifungo vilivyong'oka kwenye nguo hizo aliachiwa yeye, kwa hiyo alishika sindano kabla hajashika kalamu.

Alianza shule ya msingi Januari 1956 na kumaliza Novemba 1963. Akiwa darasa la nne, mwalimu mmoja aliyependa Kilatini kuliko chakula alimfumania chini ya dawati akishona kaptura ya mwenzake, na mwenzake yumo ndani yake. Mwalimu hakutafuta fimbo. Alicheka mpaka akavua miwani, akaandika ubaoni neno SARTOR, akaeleza kwamba ndivyo Warumi walivyomwita fundi wa kushona na kutia viraka. Siku hiyohiyo alimpachika mtoto wa mhunzi jina la Faber, na mtoto wa mwoka mikate akawa Pistor. Majina hayo mawili hayakufika likizo. La marehemu liling'ang'ania, na haukupita muda hata mama yake mzazi akawa anamwita hivyo.

Kuanzia 1964 hadi 1971 alijifunza kazi kwa fundi mmoja mkali wa suti. Tarehe 2 Februari 1972 akafungua chumba chake mwenyewe: cherehani moja ya kukanyaga, pasi ya mkaa, meza ya kukatia iliyowahi kuwa mlango, na kibao chenye neno moja tu. Hapo ndipo kizaazaa kilipoanza. Neno lilikuwa tamu mdomoni, halikuwa la ukoo wa mtu wala la dini ya mtu, na kila mtu alilitaka. Kabla ya mwaka kuisha, fundi wa ng'ambo ya barabara alitundika Sartor Mpya. Akafuata Sartor Halisi, ambaye alikuwa muuza mabati. Kituo cha basi kikaitwa Sartor, saluni ikaitwa Sartor, timu ya mpira ikaitwa Sartor na jezi akashona yeye. Paka wa mwenye nyumba naye hakuachwa nyuma. Mwenye mashine ya kusaga alimpa mwanawe jina hilo. Mtoto huyo leo ni daktari wa mifugo, yuko hapa pamoja nasi, na sindano pekee anayoijua ni ya kuchanja ng'ombe. Watoto wa mtaani waliligeuza kuwa kitendo, kaptura ikipasuka wakasema ipelekwe ikasartoriwe. Marehemu hakumkataza yeyote. Sartor Mpya alipoishiwa rangi kabla ya kumaliza kibao chake, marehemu alimvushia kopo lake barabarani.

Jina hilo ndilo lililomletea mke. Karani wa posta alichoshwa na barua zilizoandikwa "Sartor" bila anwani nyingine, akaamua kuzunguka nazo mwenyewe, mlango kwa mlango. Alipofika kwa marehemu alikuwa ameshafukuzwa kwa muuza mabati na viatu vinambana.

"Na wewe ni Sartor wa ngapi?" aliuliza.

"Wa kwanza," marehemu akajibu, akamvutia kiti.

Barua haikuwa yake, lakini karani alikaa mpaka duka likafungwa. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 18 Desemba 1976, wakajaliwa watoto watatu.

Binti yao mkubwa ndiye aliyerithi kazi. Alikua chini ya meza ile, akiokota pini kwa sumaku, na mwaka 2010 alifungua chumba chake milango mitatu kutoka kwa baba. Watu wote hao walikuwa wamejitwalia jina bila hodi. Yeye peke yake ndiye aliyeliomba, na yeye peke yake ndiye aliyenyimwa.

"Hao wengine wamechukua kibao," baba yake alimwambia. "Wewe unataka nikudhamini kwa watu. Nishonee koti nisiloliona kosa, halafu ulichukue jina."

Binti aliumia, tusifiche. Wateja walimuuliza duka lake linaitwaje, akawa anaonyesha kwa kidole tu. Kila Novemba alipeleka koti, na kila Novemba lilirudishwa. Mwaka 2012 bitana ilikuwa inavuta. Mwaka 2015 tundu moja la kifungo lilizidi mshono mmoja, mmoja tu jamani. Makoti yaliyofeli waligawiwa wajomba, na wanne kati yao wamekaa mstari wa pili hapa wakiwa wamependeza kupita maelezo. Yalifika kumi na matatu.

Figo za marehemu zilianza kusumbua mwaka 2021, na tarehe 22 Januari 2024 alilazwa, kitanda namba sita, karibu na dirisha. Jumapili, tarehe 18 Februari, binti alimpelekea koti la kumi na nne, la kijivu, kwa vipimo vyake vipya vya ugonjwa. Marehemu aliketishwa kwa mito. Aligeuza koti ndani nje, akapapasa kola, bitana, pindo, tundu moja baada ya jingine. Saa nzima. Hakuna kosa lililoonekana. Marehemu akavaa, muuguzi akafurahi, akamchomekea kalamu mfuko wa ndani.

"Ila mfuko uko juu kidogo, mzee," muuguzi akasema. "Kalamu inachungulia."

Marehemu akamwomba binti aonyeshe alivyopima. Binti akaweka gumba la kushoto chini ya kwapa la koti, akashusha shibiri yake ili ifike kidole kidogo, na kidole hicho kikajikunja chenyewe.

"Kidole chako ni kizima, mama. Mbona umekikunja?"

"Si ndivyo ulivyonionyesha?"

Marehemu akainua mkono wake mwenyewe wa kushoto. Kidole chake kidogo kilibanwa na kifuniko cha sanduku mwaka 1965 na hakikunyooka tena. Kwa miaka hamsini na miwili kila koti alilolishona lilikuwa na mfuko uliozidi kupanda kwa nusu kidole, nusu ya mji ilitembea na kalamu zinazochungulia, na watu walidhani ni mtindo. Alicheka mpaka wa kitanda cha tano akacheka bila kujua sababu. Kisha akalia, akamshika binti yake ule mkono.

"Kumbe hata mimi sijafuzu," alisema. "Nenda katundike kibao."

Binti alitaka kushusha mfuko. Alikatazwa katakata. Kibao kilipanda Jumanne, tarehe 5 Machi, na mama akakipiga picha kwa simu akampelekea mumewe kitandani. Alikitazama sana, akalalamika kwamba herufi ya mwisho imeinama, akaomba aonyeshwe tena.

Aliaga dunia Alhamisi, tarehe 14 Machi 2024, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano, mkewe akiwa kando yake. Amevaa koti la kijivu.

Ameacha mjane, karani mstaafu wa posta. Mwana mmoja, dereva wa lori. Kitinda mimba, mwalimu wa hesabu. Dada wawili, mdogo wake mmoja na wajukuu saba. Ameacha pia binti yake mkubwa, fundi wa suti, ambaye kwa kauli ya baba yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza katika karatasi iliyochapwa, anaitwa Sartor.

Fundi na apumzike kwa amani. Kazi imebaki na mwenyewe.