Mama Sufi na Jaribio Lililozama

Ijumaa, tarehe 30 Juni, Mama Sufi anatimiza miaka thelathini na mmoja katika kitengo chetu cha kusafisha mafuta yaliyomwagika majini, na jioni hiyo anastaafu.

Aliingia kazini kama mpokeaji wa sampuli, pale kaunta. Enzi hizo tulitegemea vitambaa vya kufyonza mafuta vya kuagizwa kutoka nje, na vikichelewa tulibaki kutumbua macho. Siku moja alitumbukiza sufi, ile pamba nyepesi ya kujazia mito ya kulalia, kwenye beseni la maji yenye dizeli. Sufi ikafyonza dizeli, maji ikayaacha. Unyuzi wake una nta ya asili: maji haiyataki, mafuta inayapokea. Alicheka peke yake mpaka tukamwogopa, na jina likamganda.

Akapewa chumba namba nne, akawa anashona soksi ndefu za chandarua na kuzijaza sufi, za kutandazwa majini zinase mafuta. Manyoya ya sufi yalielea kila mahali. Chai ya chumba kile tuliinywa tukitema. Natamani siku zile zirudi.

Kisha likaja jaribio mbele ya wakubwa. Likifaulu, sufi inaingia kazini. Likishindwa, chumba kinafungwa, naye anarudi kaunta. Sufi ilikuwa na vumbi, na mimi ninayeandika haya, wakati huo mgeni kazini mwenye kimbelembele, niliifua yote kwa sabuni ili ipendeze. Sabuni ikaondoa nta. Soksi zikalewa maji, zikazama mbele ya wakubwa.

Mkuu akauliza nani kaiandaa. Mama Sufi akajibu kwamba uzembe ni wake, akaomba wiki moja zaidi. Akapewa, pamoja na barua ya onyo. Alikwenda kwake akachana mito yote ya nyumba. Mumewe hadi leo analalamikia shingo. Jaribio la pili lilifaulu, na ni sufi hiyo iliyozuia dizeli isifike kwenye chanzo cha maji ya mji, lori la mafuta lilipopinduka darajani.

Hakuwahi kunisema kwa mtu. Ile barua, ya pekee katika miaka yote hiyo, bado imo kwenye jalada lake. Jana nilimwandikia mkuu kumweleza aliyefua sufi ni nani, nikaomba iondolewe. Leo asubuhi imeondolewa.

Najua utanifokea, Mama. Nifokee tu. Asante kwa kutulea. Sote tunakutakia afya tele, usingizi wa kutosha, na jalada safi.