Snezhina Kolarska, Aliyetuandikia King'ora cha Mto

Ndugu wa familia, majirani wa mtaa wa chini na wa mtaa wa juu, mliofanya kazi na marehemu, nanyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kusimama nasi hapa, kabla hatujayasoma maisha ya Snezhina familia ingependa kutaja jambo moja ambalo yeye alikufa bila kulipatia jibu, wala sisi hatujalipata, nalo ni hili, siku ile ya mafuriko ya mwaka 2017, mtaa mzima wa chini ukiwa umesimama kimya, vichwa vimeinama, kwa nini mtu mmoja tu, Zlatka mshona nguo, alichukua mkoba wake akapanda kilima. Snezhina alimuuliza kwa miaka, akimkuta sokoni anamuuliza, akimkuta kanisani anamuuliza, na Zlatka jibu lake halikubadilika, "Wewe dada nawe, nimeshakwambia sijui, miguu ilikwenda nami nikaifuata, sasa unataka nikaiulize?"

Snezhina Radeva Kolarska alizaliwa tarehe 14 Februari 1958, hapa hapa Srebrovets, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Radi Tonev, fundi wa reli, na marehemu Kerana, mpishi wa shule. Alisoma shule ya msingi hapa mjini kuanzia mwaka 1965, akaendelea na shule ya hisabati Gabrovo, na mwaka 1976 akaingia chuo kikuu Sofia, ambako aliiona kompyuta kwa mara ya kwanza, ikiwa imejaza chumba kizima, akamwandikia mama yake kwamba ameona kabati linalojua kujumlisha ila halijui linajumlisha nini. Alihitimu Juni 1981, na tarehe 1 Septemba mwaka huo akaajiriwa katika kituo cha kompyuta cha kiwanda cha pampu hapa mjini, akakaa hapo hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 1996, kisha kwa miaka minane akalima nyanya na kuwaandikia waoka mikate programu zao juu ya meza ya jikoni, hadi ofisi ya mji ilipomwajiri mwaka 2004.

Tarehe 25 Septemba 1983 alifunga ndoa na Lyuben Kolarski, mwalimu wa jiografia, ambaye mpaka leo husimulia kwamba alichumbiwa kama programu inavyojaribiwa, "Alitaka anione nikiwa na njaa, anione nikiwa nimenyeshewa, anione nikiwa nimekunywa, ndipo akasema haya, twende kwa mama." Mungu aliwajalia watoto wawili, Ognyan, aliyezaliwa mwaka 1985, na Tsvetelina, aliyezaliwa mwaka 1988.

Wengi wenu mlimjua kwa pilipili alizokuwa akichoma barabarani kila Septemba, moshi wote ukienda kwa jirani, na kwa sauti yake nzito katika kwaya ya wanawake, lakini waliofanya naye kazi walimjua kwa namna alivyojitambulisha kwa kila kijana mgeni ofisini, kwani alikuwa akisimama, anafuta mikono, anasema, "Naitwa Snezhina, sipendi kahawa iliyopoa, naokota uyoga lakini sili uyoga uliookotwa na mtu mwingine, na ninaamini kwamba mtu akikosea kuitumia programu yako, aliyekosea ni wewe, kwa sababu yeye alikuwa anaishi maisha yake, wewe ndiye uliyeajiriwa kumfikiria." Binti Ralitsa, aliyeanza kazi chini yake mwaka 2015, alidhani ni utani, akamuuliza, "Hata akibonyeza pasipobonyezwa, mama?" naye akajibiwa, "Hapo hasa, mwanangu."

Mwaka 2011 ofisi ya mji ilimpa kazi ambayo ndiyo iliyoyashika maisha yake, nayo ni king'ora cha mto Yalovitsa. Kifaa kiliwekwa chini ya daraja la juu, upande mto unakotokea milimani, kupima maji, na maji yakivuka alama programu yake ilipaswa kuviamsha ving'ora vya paa la ofisi ya mji, vile vile ambavyo kila tarehe 2 Juni, saa sita mchana, hulia kuwakumbuka waliokufa kwa ajili ya nchi, nasi husimama pale pale kila mmoja alipofikia, mwenye kofia anaivua, mwenye gari anashuka, hadi mlio uishe.

Mwaka 2017, tarehe 2 Juni, huku kwetu jua lilikuwa kali, huko milimani mvua kubwa ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi, na saa sita, ving'ora vya kumbukumbu vikiwa bado vinalia, kifaa cha daraja la juu kiliona maji yamevuka alama, programu ikafanya kama ilivyoandikwa, ving'ora visinyamaze. Watu walidhani ofisi imeamua kuongeza heshima mwaka ule, wakazidi kuinamisha vichwa, na mzee Gancho Peykov, mstaafu wa reli, aliyekuwa kwenye kivuko cha miguu juu ya mto, na kofia yake kifuani, alisikika akimwambia aliyekuwa ng'ambo, "Leo wamewapa haki yao, si kama mwaka jana," na hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho, kwa kuwa maji yalifika yakakichukua kivuko pamoja naye.

Wakaguzi waliotoka wilayani waliandika kwamba programu haikuwa na kasoro, wenzake wakampa mkono, naye akarudi nyumbani, akakaa na koti lake mwilini, akamwambia Lyuben, "Imefanya kazi sawasawa, na mzee Gancho amekufa, hebu nionyeshe hapo usawasawa uko wapi." Tangu siku hiyo kila Mei ilipoisha chakula kilimshinda, akawa anaangalia mawingu ya milimani kuliko uso wa mtu, akaubadilisha mlio wa mto, ukajaribiwa, watu wakaulizwa mlio upi ni wa wafu na upi ni wa maji, wakabishana hadi wakacheka, yeye hakucheka. Akafikia uamuzi kwamba king'ora kibaki cha mto peke yake, na tarehe 2 Juni tuwakumbuke wafu wetu kwa kengele ya kanisa.

Meya wetu, Bwana Parvan Dechkov, ambaye jina la babu yake limechongwa kwenye jiwe la kumbukumbu, hakuafiki, na familia haimlaumu, kwani alisema neno lililowagusa wengi, "Dada Snezhina, babu yangu alikufa kwa risasi, leo nimpigie kengele kama naita watu kwenye ibada ya Jumapili?" naye Snezhina akamjibu kwa upole, "Babu yako namheshimu, Parvan, lakini yeye hahitaji tena kukimbia." Shauri likaahirishwa, mwaka ukapita, likaahirishwa tena.

Novemba 2023 alianza kuumwa tumbo, na tarehe 12 Desemba hospitali ya wilaya ikagundua saratani ya kongosho iliyokwisha kuenea. Machi theluji ya milimani ilipoanza kuyeyuka aliomba kitanda chake kisogezwe dirishani aweze kuusikia mto, na kila aliyeingia alimuuliza kabla ya salamu, "Baraza limekaa?" Ralitsa alikuja na supu, akamwambia, "Kula kwanza, mama," akajibiwa, "Nitakula, wewe niambie, siku ukikata ule waya unaoviliza ving'ora vya Juni, utaujaribu na wa mto?" Akasema ataujaribu. "Kwa macho yako au kwa kioo cha kompyuta?" Akasema kwa macho yake, ndipo akala vijiko viwili. Tarehe 8 Aprili 2024, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Lyuben, alifariki dunia akiwa na miaka sitini na sita, swali lake la baraza likiwa halijajibiwa, na jambo hilo ndilo lililotuumiza kuliko mengine.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya, waliotuambia ukweli bila haraka, majirani waliotuletea vyakula hata tukakosa pa kuviweka, kwaya iliyokuja kumwimbia nyumbani, padri wetu, na wafanyakazi wenzake, waliokuwa wakimjibu simu zake hata alipopiga kuuliza jambo alilouliza asubuhi.

Tunawaarifu pia kwamba baraza la mji lilikaa jana, Jumanne tarehe 9 Aprili, na mkono wa kwanza ulioinuka kuunga mkono ulikuwa wa meya, ikaamuliwa kwamba kuanzia sasa king'ora kitalia kwa ajili ya maji tu, na wafu wetu watapigiwa kengele. Leo asubuhi Ralitsa alipanda paani akaukata ule waya kwa mkono wake, akashuka hadi daraja la juu, akaingia mtoni na viatu vyake, akakizamisha kifaa kwenye maji, na ule mlio mliousikia ndio huo, nanyi wa mtaa wa chini, ingawa mlitangaziwa tangu jana kwamba ni jaribio, tuliwaona mkikipanda kilima, na watoto wenu, na nguo zenu nyeusi, na hakuna aliyesimama. Ralitsa amesimama pale nyuma, suruali yake bado imelowa, hakutaka kuchelewa.

Snezhina, baraza limekaa. Pumzika sasa, mama yetu, pumzika kwa amani.