Fundi Sufuria, Aliyetuvusha kwa Alumini

Ndugu, jamaa na majirani, huyu tunayemsindikiza leo mlimwita Fundi Sufuria, naye aliitika bila kinyongo. Jina hilo alipewa na watu waliokuwa wakimcheka. Yeye akalipokea kwa mikono miwili, akaliandika kwa rangi juu ya mlango wa karakana, na waliomcheka wakaishia kuwa abiria wake. Kwa hiyo leo hapa hatutanuna sana. Mwenyewe asingependa.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1949, kitindamimba wa watoto wanne, katika chumba kilichokuwa nyuma ya karakana ya baba yake, fundi wa boti za mbao. Mama yake alipenda kusimulia kwamba mtoto yule alilala fofofo misumeno ikinguruma nyuma ya ukuta, ila karakana ikifungwa tu, anaangua kilio. Alijifunza kutembea akishikilia ubavu wa boti.

Alianza shule ya msingi mwaka 1957, na baada ya sekondari baba yake alitaka ashike randa kama kaka yake mkubwa. Yeye akaomba chuo cha ufundi, akahitimu uchomeleaji mwaka 1970. Wiki ya kwanza chuoni alitoboa meza ya mwalimu. Mwalimu akamwambia mkono anao, subira ndiyo hana, na subira hiyo aliipata kiwandani, alipokuwa akichomelea matangi ya alumini ya malori ya maziwa. Alumini, alikuwa akisema, haina taarifa: chuma kikipata moto huwa chekundu ukakiona, lakini yenyewe inakutazama hivi hivi, mara imeshayeyuka miguuni pako.

Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, mama aliyeketi hapa mbele. Waliishi kwa kutaniana miaka yote. Mwalimu alimsahihishia vipimo, naye alimsahihishia chai, maana mama yetu huyu, kwa heshima zote, chai yake ni maji yaliyopitiwa na majani. Walijaliwa mabinti wawili na kijana mmoja.

Mwaka 1979, mkono wa baba yake ulipoanza kutetemeka, alirudi karakana. Kazi zilikuwa za kubahatisha. Ndipo mwaka 1984 kampuni ya kivuko ikaleta oda ambayo haijawahi kuonekana pale: chombo cha abiria cha matumbo mawili, kile ambacho mabaharia hukiita katamarani. Hospitali ilikuwa upande huu wa mlango wa bahari, na wagonjwa wengi walikuwa ng'ambo. Kivuko cha zamani kilikuwa kizito na kizembe, na kina mama walikuwa wakijifungulia njiani. Chombo kikifaulu, karakana ingesimama. Kikishindwa, ndiyo basi, nani angewapa kazi tena?

Baba alitaka mbao. Kaka alitaka faiba, ile plastiki ya nyuzi za kioo. Marehemu akasema alumini, na nyumba ikawaka moto. Aliwaeleza kwamba matumbo mawili membamba hayapendi uzito. Ukiyalemea, yanazama hadi shingoni na mbio zote zinakwisha. Faiba ni nyepesi, sawa, lakini inadai kalibu, umbo la kuimwagia, na nani atengeneze kalibu nzima kwa ajili ya chombo kimoja? Halafu gati la ng'ambo lilikuwa la mawe matupu. Maneno yalipomwishia, akaingia jikoni, akabeba sufuria ya alumini ya mkewe na beseni la plastiki, akaviangusha vyote viwili kwenye mawe ya uani. Beseni likapasuka. Sufuria ikabonyea tu. Mkewe alimtazama, kisha akamwambia taratibu kwamba hoja yake ameielewa, na sasa anangoja sufuria mpya.

Baba yake hakucheka. "Sufuria mahali pake ni jikoni," alisema. "Mimi humo sipandi."

Neno hilo lilimuuma sana marehemu. Kicheko cha mtaa alikimudu, lakini kumjengea baba karakana upya huku baba amempa mgongo, hilo lilimkosesha usingizi. Hata hivyo alichomelea, mshono kwa mshono, na mwezi Machi 1986 chombo kikashushwa majini. Kikaenda kama mshale. Baba alibaki nyumbani, akidai mgongo unamsumbua.

Miezi michache baadaye, tumbo la kushoto likaanza kuingiza maji. Habari zikazagaa kabla ya saa ya chakula cha mchana: sufuria inavuja! Marehemu aliteremka peke yake, akafungua mbao za sakafu, akakuta katika dimbwi dogo msumari wa shaba, na chini yake tundu. Mafundi wenzake mnajua. Shaba na alumini zikikutana kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Na msumari ule aliujua. Katika karakana yao, kabla boti haijashushwa, fundi mkubwa hutia msumari wa shaba tumboni mwake kwa ajili ya baraka. Mzee aliyeapa hapandi alikuwa ameingia kwa kunyemelea, akamwombea mwanawe.

Angeweza kujitetea mbele ya mtaa mzima. Badala yake aliutia msumari mfukoni, akaenda kuketi kando ya baba yake na kuuweka mkekani. Mzee akauliza ulifanya nini, akaelezwa.

"Nilitaka kukubariki, mwanangu," akasema. "Kumbe nimekutoboa."

Wakacheka mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Alasiri ile ile marehemu alichomelea kiraka, na baba yake akamshikia taa. Asubuhi kivuko kilipoondoka, mzee alikuwa amekaa kiti cha mbele, akiwauliza abiria kama wameona boti gani ya mbao inayotibiwa na kupona siku hiyo hiyo. Karakana ikaunda vyombo vingine kumi na kimoja, vyote vya alumini.

Marehemu alianza kuugua moyo mwaka 2019. Alihudumiwa na mabinti zake kwa upendo, akawasumbua kwa upendo pia, maana alikagua hata vitanda vya wodi namna vilivyochomelewa. Aliaga dunia tarehe 2 Mei 2023, alfajiri, akiwa amemshika mkewe mkono.

Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu saba, na kaka yake mkubwa, fundi seremala.

Jeneza mnaloliona ni la mbao, limerandwa na kaka huyo. Wengi mmeuliza tangu jana kulikoni, Fundi Sufuria kulala kwenye mbao? Aliagiza mwenyewe. Kaka alimwendea hospitalini kumuuliza alitaka jeneza la nini, na kwa shingo upande akajitolea kujifunza alumini uzeeni. Marehemu akatabasamu. "Alumini ni ya kwenda na kurudi, kaka," alimwambia. "Safari hii ni ya kwenda tu. Nipeleke kwa ufundi wa baba."

Nenda salama, fundi wetu. Mola akupumzishe kwa amani.