Kibandiko cha Dada Fumba

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni na aache vyombo kidogo. Aliye njiani na asogee pembeni. Leo tunamkumbuka mfamasia aliyekuwa akiogopa sindano. Narudia, ili aliyechelewa asikie: mfamasia, aliyekuwa akiogopa sindano. Tumemzika jana mchana, na sikuja hapa kulia tu. Nimekuja kumsifu.

Jina la Fumba alipewa na kaka yake, siku walipopelekwa zahanati kuchanjwa wakiwa wadogo. Kaka alitoa mkono. Yeye alifumba macho tangu mlangoni, akagonga kiti, akagonga meza, mwisho akamgonga na mhudumu mwenyewe. Kaka anasema tangu siku hiyo hata akiona sindano ya kushonea, macho yanajifumba yenyewe. Jina likamganda. Akasoma hadi chuo kikuu, akavaa koti jeupe, na bado hospitali nzima ikamwita Dada Fumba.

Kazi yake ilikuwa kuandaa dawa katika famasi ya hospitali. Chumba chake kilipakana na wodi ya watoto wachanga, na ukuta ulikuwa mwembamba. Sasa nisikilizeni. Mtoto mchanga akipata maambukizi kwenye damu, hana muda wa kungoja. Anahitaji antibayotiki, tena haraka, na kumeza hawezi. Lazima achomwe. Haya, mtafutie mshipa kwenye mkono mwembamba kama kidole chako. Muuguzi anachoma, anakosa. Anachoma tena. Dada Fumba alivisikia vilio vile huku akipima dawa ile ile, na jioni alirudi nyumbani hana hamu hata ya chakula.

"Alikuwa akiniuliza mimi kwa nini lazima iwe sindano," anasema mumewe. "Mimi mwalimu wa jiografia, ningejulia wapi?"

Basi akaingia maabara kutafuta jibu. Alitaka kibandiko, kipande kidogo kama stempu. Upande mmoja kina ncha ndogo ndogo, ukikitazama utadhani ni msasa. Ncha zenyewe ndizo dawa. Dawa inachanganywa na sukari, inamiminwa kwenye kalibu, inakaushwa mpaka inakuwa ngumu. Ukibandika, ncha zinaingia kwenye ngozi ya juu tu, hazifiki panapouma, halafu zinayeyuka. Dawa inaingia mwilini na hakuna kitu cha kuchomoa. Vibandiko vya namna hiyo watafiti wengine walikuwa wameshaanza kuvitengeneza. Yeye alitaka cha antibayotiki, cha mtoto mchanga.

Wenzake walimtania. Walimwambia antibayotiki hutolewa kwa wingi, na vijisindano kama vile vinabeba vumbi tu la dawa. Dada Fumba hakukasirika.

"Mtu mzima anahitaji kijiko," aliwajibu. "Wanangu wa wodini wanahitaji hilo hilo vumbi."

Hapo utani uliisha. Lakini kazi ilikuwa bado mbichi. Adui alikuwa unyevu. Hewa ikiwa na unyevu, ncha zinalegea, zinajikunja. Mumewe anakumbuka siku alipofungua kopo la mchele apike, akakuta vibandiko vimezikwa humo ndani, vile vitupu vya majaribio visivyo na dawa. Mkewe alikuwa akipima kama mchele utanyonya unyevu. Mwalimu wetu akanunua kopo lake mwenyewe, akaliandikia kwa herufi kubwa: CHAKULA.

Miaka ikapita. Hospitali ikaruhusu kibandiko kijaribiwe wodini. Wazazi waliombwa ridhaa, na watoto waliendelea kupata sindano zao za kawaida, asije mtu akakosa tiba. Kibandiko kilibeba antibayotiki tofauti na ile ya sindano, ili ijulikane ikipimwa kwenye damu. Damu ikapimwa. Kibandiko kilileta dawa? Hakuna. Mtoto wa kwanza, hakuna. Wa pili, hakuna. Madaktari wanaosimamia utafiti wakamwambia kwa upole kwamba wanampa mpaka kikao kinachofuata. Damu ikiendelea kuwa tupu, jaribio linafungwa. Mnaelewa maana yake, wasikilizaji? Ni kurudi famasi, kusikiliza vilio ukutani.

Aliumia sana. Mumewe anasema alikaa kitandani na viatu miguuni. Asubuhi akaenda moja kwa moja wodini. Akamwomba muuguzi mkuu, mama mmoja ambaye sauti yake hunyoosha hata mapazia, ambandike kibandiko kitupu mkononi, vile vile anavyowabandika watoto. Alitaka kuona namna anavyobonyeza. Kuona? Aone wapi! Kibandiko kilipokaribia tu, macho yakajifumba. Wauguzi wakacheka mpaka wakashikilia vitanda.

Lakini akiwa gizani mle, alihisi. Alihisi pamba yenye maji ya uvuguvugu ikimfuta taratibu. Kisha, papo hapo, kibandiko juu yake.

"Pana maji," akasema.

Muuguzi mkuu akamjibu kwamba lazima pawe na maji, kwani si amefuta? Kibandiko kikabanduliwa. Ncha zilikuwa zimeyeyukia juu ya ngozi, zinanata kama peremende iliyolowa. Hakuna hata moja iliyoingia. Dawa ya watoto wale ilikuwa ikiishia nje, palepale, kwa sababu ya usafi.

Dada Fumba hakumlaumu mtu. Alisema kosa ni lake, aliandika maelekezo akiwa maabara, ambako ngozi ya kujaribia huwa kavu siku zote. Muuguzi mkuu naye aliitazama ile pamba mkononi mwake.

"Wanafunzi wangu wote nimewafundisha kufuta," alisema. "Kusubiri sijamfundisha hata mmoja."

Mtoto aliyefuata, walifuta, wakakausha, wakasubiri ngozi iwe kavu kabisa, ndipo wakabandika. Mpimaji wa damu hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, anatweta, akasimama kwenye dirisha la famasi. Dawa ipo! Ipo ya kutosha! Wasikilizaji wapendwa, yule muuguzi mkuu alicheza katikati ya wodi akiwa na beseni mkononi, na daktari aliyetaka kulifunga jaribio akampigia makofi. Leo kibandiko kile kinatumika wodini pale, na katika zahanati ndogo ambako hakuna wa kumtafutia mtoto mshipa. Mfamasia mwoga alishinda, nasema alishinda, na mimi nafurahi kulisema hewani.

Moyo wake ulisimama ghafla wiki iliyopita, akiwa nyumbani, amekaa na mumewe. Jana watu walijaa. Mmoja tu hakuonekana: muuguzi mkuu. Watu wakaanza kunong'ona. Baadaye tukajua kwamba asubuhi aliletewa mtoto wa siku chache, anawaka homa, naye akabaki kumhudumia. Nilimuuliza mwalimu kama ameumia. Akatabasamu, na machozi yako pale pale.

"Angekuja," akaniambia, "mke wangu angemuuliza mtoto amemwachia nani."

Mwalimu, kaka, na familia yote, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nawe msikilizaji, leo keti kidogo ujiulize: kilio gani unakisikia kila siku nyuma ya ukuta wako, na umekizoea?

Kuhusu yule mtoto, nimepiga simu wodini kabla sijaingia hapa studio. Alibandikwa jana. Homa imeshuka, na asubuhi hii ameanza kunyonya.