Maneno Mawili Aliyoyasema Bi Mkasi

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mshonaji mmoja. Nawaambia mapema: nina hasira, na sitaificha.

Mtaani walimwita Bi Mkasi. Kwa sababu ya kazi yake, na kwa sababu ya ulimi wake. Mteja akilalamika kwamba gauni limembana, humjibu, "Gauni liko vilevile, mwanangu. Wewe ndiye umeongezeka." Mteja anacheka, na kesho anarudi.

Aliishi ugenini na binti yake, mfanya usafi wa maofisini, na mjukuu mmoja wa kike. Nyumbani kwao ni Kiswahili. Mjukuu alikaa chini ya cherehani akihesabu vifungo, akipiga soga na bibi yake kutwa nzima.

Halafu akaanza shule. Mwalimu akamwita mama mtu, akamwambia mtoto yuko nyuma kwa sababu ya lugha ya nyumbani. Kuanzia sasa Kiingereza tu, hata mezani. Bi Mkasi alikuwepo. Akamgeukia binti yake, "Mwambie mwalimu, mtoto huyu hana upungufu. Ana lugha moja, anaongeza ya pili."

Binti yake hakutafsiri. Alishukuru, wakaondoka.

Kiingereza tu. Na Kiingereza cha mama mwenyewe kilikuwa cha kuokoteza kazini. Kula. Oga. Lala. Nyumba iliyojaa soga ikabaki na amri tatu. Bibi naye akaombwa asimchanganye mtoto. Akanyamaza. Bi Mkasi, wasikilizaji, akanyamaza!

"Niliogopa mwanangu asije akasugua sakafu kama mimi," binti yake ameniambia.

Mjukuu akakua, akafaulu, Kiswahili kikamtoka. Bibi akaugua. Wiki iliyopita walikuwa wawili tu hospitalini, mama mtu yuko kazini. Bibi akasema kitu. Akakirudia. Akakirudia tena. Mjukuu alidhani anaagwa. Akamshika mkono, akamwambia kwa Kiingereza kwamba naye anampenda. Bibi akafumba macho, hakuyafumbua tena.

Msibani ndipo mjukuu alipomwigizia mama yake zile sauti alizozisikia. Mama akakaa sakafuni.

"Nina kiu." Wasikilizaji wapendwa, bibi alikuwa anasema, "Nina kiu."

Shule ileile leo inajisifu kwa watoto wake wa lugha mbili. Imebadili mawazo. Haijaomba radhi.

Familia ya Bi Mkasi, poleni sana. Mungu amlaze pema. Nanyi mliokatazwa lugha zenu majumbani mwenu, jiulizeni: aliyewakataza aliwapa nini badala yake?

Mama, najua unasikiliza, na najua binti yako yuko hapo kando yako. Safari hii tafsiri, neno kwa neno. Mwambie: wewe hukumnyima bibi yako maji. Alinyimwa siku ile shuleni, nawe ulikuwa mtoto mdogo.