Mvua ya Msabah

— Elfu mbili? Shilingi elfu mbili za serikali zinakwenda na maji, kisa mkebe mmoja wa mvua?

— Si mkebe, yakhe. Kipimo.

— Mkebe. Nimeuona kwa macho yangu, mkebe wa shaba. Juu una faneli, ndani una chupa. Kwetu sisi huo ni mkebe.

Ugomvi huo niliukuta ushapamba moto baada ya alasiri, kwenye baraza yetu ya Kiponda, ubavuni mwa msikiti. Nami si mtu wa kukuta ugomvi nikasimama pembeni kama mgeni wa harusi. Mimi ni fundi saa. Kusoma nimejifundisha mwenyewe, kwa magazeti yaliyofungiwa sukari, na barazani wananiita Pilipili, ati nawasha kabla sijatafunwa. Aliyekuwa akisema mkebe ni Simai, tunamwita Redio, kwa kuwa yeye husema tu, hasikii. Aliyesema kipimo ni Mzee Shaame, tunayemwita Karani, mstaafu wa forodhani. Kando yake Borafya, muuza mchele wa Darajani, ambaye jina lake la baraza ni Pishi. Machano hana jina la utani. Yeye ndiye mwenye dele la kahawa, na mwenye kahawa hatukanwi. Mwisho wa benchi alikaa Silima wa Makunduchi, aliyekuja kuchukua saa yake kwangu akaambiwa angoje. Na katikati yetu, kikombe kimempoa mkononi, Msabah, kijana wa mtaani petu anayesoma hali ya hewa katika chuo kikuu huko Ulaya.

— Nyamazeni wote, — nikasema. — Msabah, nambie mimi. Kimekupata nini?

— Mvua imezidi, ami.

— Imezidi wapi? Mbona kavu?

— Ya masika yaliyopita. Nilikuja kufanya utafiti wangu, nikaweka vipimo vitatu: Mkokotoni, Kizimbani, na hapa uani kwa msikiti. Mimi nilikaa Kizimbani. Hapa alinipimia Mzee Shaame.

— Kila siku saa tatu ya asubuhi, — Karani akadakia. — Naitoa chupa, namimina kwenye bilauri yenye mistari, nasoma, naandika, namwaga. Sikukosa hata siku niliyoumwa na jino.

— Hesabu nimempelekea mwalimu wangu wa idara, — Msabah akaendelea. — Amejibu kuwa mvua ya Kiponda haiwezekani. Mjini imenyesha karibu mara mbili ya Kizimbani. Ama nieleze imezidi kwa nini, ama utafiti wote utupwe. Na bila utafiti, ile elfu mbili ya serikali ya kulipia mwaka wa mwisho sipewi. Meli ni Ijumaa.

— Huyo mwalimu ashawahi kufika Kiponda? — akauliza Machano.

— Hajafika.

— Basi anajuaje?

— Anazijua mvua za dunia nzima. Idarani kwetu ukutani zimejaa ramani, kila siku tunachora upepo na joto la kila nchi. Mvua ya sehemu moja haijitengi na ya jirani yake namna hiyo bila sababu.

— Miaka mitatu unachora upepo, — akasema Simai. — Bibi yangu alikuwa na goti. Likimuuma la kulia, anua nguo. Hakupewa hata senti.

— Bibi yako alijua kesho, — Msabah akamjibu kwa upole. — Mimi nataka kumwambia mwenye karafuu, kabla ya mavuno, mwaka huu aanike jamvini kwa salama au ataozewa. Goti haliwezi kazi hiyo.

Hapo nikaona kijana ana jambo la maana, nikawaambia kila mtu aseme akijuacho, kwa mkato.

Karani akaanza, taratibu, kama anaandika:

— Kosa liko Kizimbani. Mikarafuu ina kiu. Wingu likipita, inavuta maji huko huko juu kwa majani. Yanayofika chini ni makombo.

— Majani yanavuta mvua hewani? — nikauliza.

— Umeshawahi kuuona mkarafuu ukinywa maji kwa kikombe?

— Sikiliza hii, — akasema Simai. — Ni lile bomu la Wazungu. Walilolilipua huko kwenye visiwa vyao, bahari ikachemka. Mbingu imepata ufa. Ufa umekwenda, umekwenda, mwisho umetulia Kiponda.

— Mbona haukutulia Malindi, mtaa wa pili tu, na ndio kwenye nafasi? — nikamuuliza.

— Mgeni njoo mwenyeji apone.

— Methali hiyo inaingiaje hapo, Simai?

— Ufa ni mgeni.

Machano akaweka dele chini. Yeye alikuwa na lake: kila jioni, baraza za mjini zinachemsha kahawa, mvuke unapanda, unakusanyika juu ya mapaa, ukishiba unarudi chini. Kwa hivyo mvua ya Kiponda nusu yake ni kahawa.

— Basi ningeiona rangi yake kwenye bilauri, — Karani akamwambia.

— Mvuke wa kahawa mweupe, mzee. Unanifundisha kazi yangu?

— Na wewe, Pishi? — nikauliza, maana alikuwa kimya, na Pishi kimya ni jambo la kutazamwa.

— Mie nasema ni baraka, — akajibu. — Kipimo kimewekwa uani kwa msikiti. Nyumba ya Mungu hainyeshewi sawa na shamba. Mwandikie mwalimu wako hivyo.

— Nikimwandikia hivyo, ami, narudi Kiponda kuuza maandazi.

Nikakasirika. Nikawaambia saa ikienda mbele siisingizii bomu wala baraka. Nafungua mfuniko, natazama ndani. Kipimo kile nilishakikagua mwenyewe, hakivuji. Basi kama chombo kizima na msomaji mwaminifu, kilichobaki ni maji.

Ndipo Silima wa Makunduchi akajikohoza.

— Samahanini wazee wangu, mie mpita njia. Hayo maji, kabla ya hiyo saa tatu, hulindwa na nani?

Karani akamtazama Msabah. Msabah akanitazama mimi.

— Yalindwe ya nini? — akasema Machano. — Nani atakwiba mvua?

— Kwetu mvua ya Nisani, ile ya masika, haiachwi ikae, — akasema Silima. — Inakingwa kabla haijagusa bati wala ardhi, mgonjwa anaandikiwa kombe, aya kwa zafarani sahanini, zinaoshwa kwa maji hayo, anakunywa. Nimeuliza tu. Mjini pengine hamna wagonjwa.

Pishi akakiweka kikombe chake benchini.

— Mgonjwa alikuwako, — akasema.

Sote tulimjua. Mkewe, Bi Wanu, alilala masika mazima kwa homa iliyowashinda madaktari na maalim, mpaka tukaanza kumuulizia kwa sauti ya chini.

— Mvua ya kwanza ilinyesha usiku. Natoka kusali alfajiri, naiona chupa ina maji safi, hayakugusa bati, hayakuguswa na mkono. Kwangu mimi nyumba zimebanana, mbingu siipati. Nikayamimina, nikampelekea maalim akaandika. Bi Wanu akanywa. Siku ile akaomba uji, na alikuwa hajaomba kitu wiki nzima.

— Na mimi mbona chupa sikuikuta tupu? — akauliza Karani.

— Niiache tupu? Amana ya mtoto wa watu? Nilirudisha pale pale, maji ya bomba.

— Kiasi kile kile? — Msabah, polepole.

— Kiasi kile kile. Na nyongeza.

— Nyongeza ya nini, Pishi? — nikauliza, na nilijizuia.

— Pilipili, mie nauza mchele. Ukikopa kibaba cha mtu unarudisha kibaba kilichofura. Ningepunguza tone moja, kijana akaaibika huko Ulaya kwa mvua pungufu, ningemjibu nini Mola? Wapunjao wameapizwa. Wazidishao sikuwasikia.

— Ilikuwa mara ngapi, ami?

— Kila iliponyesha usiku. Homa haikuondoka kwa siku moja.

— Na nyongeza yenyewe kiasi gani?

— Nani anapima nyongeza, mwanangu? Ikipimwa si nyongeza tena.

— Maji yakimwagika hayazoleki, — akasema Simai.

— Hayakumwagika, — nikamwambia. — Yameongezwa. Kaa kimya.

Nikawaongoza mpaka uani. Saa inayokwenda mbele kwa kiasi kile kile kila siku haiharibu kitu, ukishakijua kiasi chake unakiondoa. Basi Pishi atie mbele yetu kama alivyokuwa akitia, mara kumi, Karani apime kila mara, tuione nyongeza ya mkono wake. Msabah akainua kichwa. Akasema hilo linaweza kufaa, akiandika wazi jinsi lilivyotokea.

Karani akatia maji chupani, akayapima. Pishi akayatoa, akarudisha ya bomba, akaongeza. Akatutazama. Akaongeza tena.

— Ndivyo ulivyokuwa ukitia? — nikamuuliza.

— Alfajiri nilikuwa mimi na Mungu. Hapa mnanikodolea macho, ntaonekana bahili.

Mara ya pili chupa ilifurika, ikamrowanisha Karani miguu. Mara ya tatu Pishi alitia tone moja tu, kwa woga, kisha akakaa kwenye ukingo wa birika la kutawadhia akajifunika uso.

— Ntaiuza mizani yangu, — akasema. — Ntauza na duka. Hiyo elfu mbili ntakulipa mimi.

Msabah akachuchumaa mbele yake, akampa chupa mkononi.

— Bi Wanu na azidi kupona, ami. Kwa maji yale sikudai kitu, na duka lako silitaki. Fumba macho, utie kama ulivyotia alfajiri, tuijue nyongeza tuiondoe. Nataka mvua yangu, bila nyongeza.